Imethibitishwa, Lakini kwa Kiasi Gani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya neno moja ambalo siku hizi lasikika kila mahali: darasani, redioni, sokoni, na hata katika simu za wazee wetu. Neno lenyewe ni "imethibitishwa". Sina ugomvi na uthibitisho, maana bila ya huo elimu haiwi elimu. Ugomvi wangu ni na sisi tunaolisikia neno hilo tukapiga makofi kabla ya kuuliza.

Wenzangu mtaukumbuka mjadala wa Jumamosi ile katika ukumbi wa chakula, hoja ilipokuwa kwamba saa ya michezo ya jioni ipunguzwe, na nusu yake iwe ya kujisomea. Mmoja wa walioiunga mkono hoja alisimama akasema kwa sauti kubwa, "Imethibitishwa kitaalamu kwamba saa za kujisomea zikizidi, alama nazo huzidi." Ukumbi ukavuma. Baada ya mjadala nilimwendea nikamwuliza, "Ndugu yangu, alama huzidi ngapi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa idadi ya mchanga wa ziwani. Hakujua. Na sisi tulioipinga hoja hatukujua pia, wala hatukuuliza wakati wa kuuliza. Hoja ikapita kwa kura nyingi, na sasa imepelekwa kwa walimu wetu. Kabla haijaamuliwa nataka kusema yale ambayo siku ile niliyanyamazia.

Nami ninayo sababu ya kuliogopa neno hilo. Baba yangu mdogo analima mahindi upande wa Urambo, ekari mbili, naye ndiye aninunuliaye vifaa vya bweni na kunipa nauli tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza. Mwaka juzi alipita huko mchuuzi mmoja na pikipiki, akiuza dawa ya maji ya kunyunyizia majani ya mahindi. Alikuwa na karatasi nzuri yenye picha za mahindi manene, na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba dawa hiyo imethibitishwa kitaalamu kuongeza mavuno. Baba mdogo si mjinga. Aliuliza kama ni kweli, akaambiwa ni kweli. Akauza beberu mmoja kwa shilingi 80,000, akanunua dawa ya kutosha ekari zote mbili, yaani shilingi 40,000 kwa kila ekari.

Wakati wa kuvuna hakuona tofauti ya kutajika. Ekari iliyozoea kutoa gunia 12 ilitoa gunia 12 na kidogo. Akasema ametapeliwa. Nilipofika nyumbani likizoni niliiomba ile karatasi nikaisoma mpaka chini, mahali penye herufi ndogo kama sisimizi. Pale paliandikwa kwamba dawa ilijaribiwa katika mashamba mengi sana, kwamba mavuno yalizidi kwa asilimia 2, na kwamba tofauti hiyo haikuwa ya bahati.

Hapo nikatwaa kalamu. Asilimia 2 ya gunia 12 za kilo 100 ni kilo 24. Kwa bei tuliyouzia sisi mwaka ule, shilingi 600 kwa kilo, hizo ni shilingi 14,400. Dawa ya ekari hiyo iligharimu shilingi 40,000. Basi hata kama kila neno la karatasi lilikuwa kweli tupu, kila ekari ilimpa hasara ya shilingi 25,600, na ekari mbili shilingi 51,200. Beberu alikwenda, na muhula uliofuata mimi nilichelewa kufika shuleni siku tisa kwa kukosa nauli.

Ndugu wasomaji, litazameni vema jambo hili. Yamkini karatasi haikusema uongo. Ilijibu swali moja kwa ukweli, na baba mdogo akadhani imejibu swali jingine. Swali la kwanza ni hili: Je, tofauti ipo, au ni bahati tu? Swali la pili ni hili: Tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani, na kwa mtu huyu, kwa gharama hii, yafaa nini? Swali la kwanza nitaliita la yakini, na la pili nitaliita la uzito. Wataalamu wa takwimu wanao ufundi wa kulijibu la kwanza. La pili hulijibu mwenye shamba, mwenye mgonjwa, mwenye shule. Ubaya ni kwamba neno la Kiingereza litumikalo kwa yakini ya namna hii hutafsiriwa mara nyingi "muhimu", na msomaji akiona "muhimu" hudhani ameambiwa habari ya uzito.

Mwalimu wetu wa hesabu alitueleza ufundi huo siku moja, ingawa haumo katika muhtasari wa kidato chetu. Mtaalamu huanza kwa kushika dhana ya ukaidi, kwamba hakuna tofauti yo yote. Kisha hujiuliza: Kama dhana hii ni kweli, matokeo kama haya niliyoyaona, au yaliyopita haya, yangeweza kuja kwa bahati mara ngapi? Yakiwa yangekuja kwa nadra, yaani chini ya mara 5 katika 100 kama ilivyo desturi, huikataa dhana ile na kusema tofauti ipo. Basi, hapo ndipo ufundi unapokoma. Hausemi tofauti ni kubwa, wala hausemi ina faida.

Tuipime habari hii kwa sarafu. Sarafu ya haki ikirushwa mara 100 hutarajiwa kutoa vichwa 50, lakini kwa kawaida yake huyumba kama vichwa 5 huku au huku. Tuseme sarafu yetu imepinda kidogo, hata hutoa vichwa 51 katika kila 100. Mkiirusha mara 100 mkapata 51, hapana atakayeshangaa. Irusheni sasa mara 10,000, mkapata 5,100. Sarafu ya haki ingetoa kama 5,000, na kuyumba kwake kwa kawaida ni 50 tu. Ninyi mmezidi kwa 100, yaani mara mbili ya kuyumba huko, na mpaka wa 5 katika 100 mmeuvuka. Mkiwa na subira ya kuirusha mara 1,000,000, hata sarafu iliyotoa vichwa 501,000, ambayo imezidi kwa kichwa 1 tu katika kila 1,000, nayo itauvuka mpaka ule ule.

Je, yuko nahodha wa mpira atakayekataa kuanza mchezo kwa sarafu ya namna hiyo? Hayuko. Yakini imepatikana, lakini uzito haupo. Wingi wa majaribio waweza kukifanya kitu kidogo kionekane. Hauwezi kukifanya kiwe kikubwa. Kinyume chake ni kweli pia. Majaribio yakiwa machache, hata kitu kikubwa chaweza kujificha. Sarafu iliyopinda sana, yenye kutoa vichwa 6 katika 10, mkiirusha mara 10 tu hamtaitambua. Kwa hiyo anayesema "hatukuona tofauti" hajasema "tofauti haipo". Na kwa sababu hiyo baba mdogo hakuwa na haki ya kusema dawa haifanyi kazi kwa kutazama ekari mbili za msimu mmoja, maana mvua peke yake yaweza kuongeza au kupunguza zaidi ya asilimia 2.

Sisi tukaao Isevya tumekulia penye njia kuu ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mizigo ya ratili 60 mpaka 70 kwa mtu, miezi kwa miezi. Tuseme tajiri wa msafara angekuwa na mizani kama ile ya maabara yetu, ionayo hata uzito wa unyoya. Angeweza kuapa, na kiapo chake kiwe kweli, kwamba mzigo wa huyu umezidi mzigo wa yule kwa unyoya mmoja. Lakini mpagazi hakuuliza habari za unyoya. Aliuliza kama atafika Kwihara na mzigo wake. Na mpagazi huyo huyo, akichomwa na mwiba mguuni, mwiba ambao kwa uzito si kitu mbele ya ratili 70, angeweza kulala njiani na msafara ukamwacha. Kwa hiyo udogo peke yake si hoja. Yafaa kuuliza kidogo hicho kimekaa wapi.

Mfano wa kweli wa jambo hili uko kwa jirani zetu wa Mwanza. Katika miaka ya kwanza ya 1990 watafiti walijaribu huko kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya, ili waone kama maambukizo ya Ukimwi yatapungua. Walichukua jamii 12, sita zikapata matibabu bora mapema na sita zikangoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Kwa miaka miwili, katika jamii zilizotibiwa waliambukizwa watu 48 kati ya 4,149, na katika zile nyingine 82 kati ya 4,400. Yaani asilimia 1.2 kwa 1.9. Mtu aweza kuitangaza habari hii kwa njia mbili, zote za kweli. Aweza kusema maambukizo yalipungua kwa asilimia kama 40, na wasikilizaji wakashangilia. Aweza pia kusema waliokolewa watu kama 7 katika kila 1,000, na wasikilizaji wakapiga miayo. Lakini watu 7 katika 1,000, kwa maradhi ambayo wakati ule yalikuwa hayana dawa ya kuyazuia hapa kwetu, na kwa matibabu yasiyo ya gharama kubwa ambayo wagonjwa waliyahitaji vyo vyote vile, ni uzito mkubwa sana. Hukumu hiyo haikutoka katika kipimo cha yakini. Ilitoka katika kujua maisha ya watu na bei ya dawa. Hata hivyo jaribio lililofanywa Rakai, Uganda, kwa njia nyingine ya kugawa dawa kwa watu wote nyumba kwa nyumba, lilitangazwa mwaka 1999 nalo halikuonyesha kupungua kwa maambukizo hayo. Basi yakini ya mahali pamoja nayo haisafiri bila kuulizwa njiani.

Mfano wa pili ni wa Pemba. Watoto wadogo wengi wa pwani wana upungufu wa damu, na watu walidhani ni jambo jema kumpa kila mtoto vidonge vya madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Jaribio likafanywa kwa watoto zaidi ya 24,000 wenye umri chini ya miaka mitatu, katika kisiwa ambacho malaria ilikuwa nyingi. Mwaka 2003 sehemu ile ya kugawa madini ya chuma ilisimamishwa. Ilionekana kwamba watoto waliopewa walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa hospitali iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi. Asilimia 12 si tarakimu ya kutisha. Mavuno yakizidi kwa asilimia 12 tungesema ni neema ya kadiri. Lakini palipo na uhai wa mtoto, na dawa yenyewe ikiwa imetolewa ili kumsaidia, tofauti hiyo ndiyo mwiba wa mpagazi. Tena bila ya kuwapima watoto maelfu kwa maelfu isingeonekana kamwe, na dawa ingeendelea kugawiwa kwa moyo mwema. Kwa hiyo nasema tena, simdharau mwenye kutafuta yakini. Pemba ilituonyesha faida yake.

Wasomaji watapenda kujua kwamba ugomvi huu si mpya. Mpaka ule wa mara 5 katika 100 ulienezwa na Ronald Fisher wa Uingereza, aliyefanya kazi katika kituo cha majaribio ya kilimo cha Rothamsted, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1925. Aliuchagua kwa sababu ni rahisi kuutumia. Haukushuka kutoka mbinguni. Kabla yake, mwaka 1908, William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alikwisha kuandika juu ya kupima kwa majaribio machache. Aliandika kwa jina la kupanga, "Student", yaani Mwanafunzi. Mwanafunzi huyo alikuwa akishughulika na shayiri na fedha za kiwanda, na kwake kiasi cha yakini kinachotakiwa kilitegemea faida na hasara iliyopo. Miaka mingi ikapita, na mwaka 2016 Chama cha Watakwimu cha Marekani kikatoa tamko la kuwakumbusha wataalamu wenyewe kwamba kipimo hicho hakipimi ukubwa wa tofauti wala umuhimu wake. Ikiwa wakubwa wa elimu wamehitaji kukumbushwa, sisi wa Kidato cha Nne tusione haya kuuliza.

Najua watakaonijibu kwa methali. Watasema, "Haba na haba hujaza kibaba." Nami nakubali. Mahindi yakizidi kwa asilimia 2 katika nchi nzima, na njia ya kuyazidisha ikawa ni bure, kama kupanda kwa mstari ulionyooka, hilo ni jambo kubwa, na Serikali yafaa ilihimize. Lakini wahenga hao hao walisema pia, "Chovya chovya humaliza buyu la asali," na sisi wa Tabora, wenye asali yetu, twaijua maana yake. Anayeshangilia haba inayoingia yampasa kuhesabu na haba inayotoka. Baba mdogo aliingiza 14,400 akatoa 40,000. Hiyo haijazi kibaba.

Sasa narudi kwenye hoja yetu ya saa ya michezo. Simpingi mwenzangu kwamba kusoma zaidi kwaweza kuongeza alama. Yamkini ni kweli. Nauliza ni alama ngapi, na twalipa nini. Nusu saa ile ndiyo inayotunyoosha mgongo baada ya kukaa dawatini tangu asubuhi. Ndiyo inayomfanya mgeni wa Kidato cha Kwanza asilie usiku, maana uwanjani amepata rafiki. Hivyo navyo vina uzito, ingawa haviandikwi katika ripoti ya mzazi.

Ningependa kutoa shauri kwa walimu wetu kwa heshima. Tusipitishe jambo hili kwa makofi, wala tusilikatae kwa makofi. Tulijaribu muhula mmoja, na kabla ya kuanza tuandike ni alama ngapi zitatosha kutushawishi. Kwa maoni yangu, wastani ukizidi kwa alama 5 mimi mwenyewe nitauweka mpira chini. Ukizidi kwa alama 1, hata kama ingethibitishwa na dunia nzima, sitaona sababu. Tena tusijaribu kwa mikondo miwili tu ya watu arobaini arobaini. Nimepiga hesabu: ikiwa alama za wanafunzi hutawanyika kama alama 15 kandokando ya wastani, basi kwa watu 40 kila upande tofauti iliyo chini ya alama kama 7 haitengwi na bahati. Tutadanganyika kwamba hakuna kitu. Tukigawanya mikondo yote minne kwa kura, watu 80 upande huu na 80 upande ule, tofauti ya alama 5 huanza kuonekana. Hivyo jaribio letu litaweza kuliona lile tulitakalo, nasi tutakuwa tumekwisha kuamua lina thamani gani kwetu.

Wengi wetu mwakani hatutakuwa hapa. Tutakuwa wakulima, wauguzi, makarani, walimu, na kila mmoja ataletewa karatasi yenye neno lile kwa herufi kubwa. Siku hizi baba mdogo akiletewa karatasi ya namna hiyo haulizi tena kama ni kweli. Huuliza, "Debe ngapi, na kwa shilingi ngapi?" Hakusoma kupita darasa la saba, na somo hilo alilinunua kwa beberu. Sisi tumelipata kwa bei rahisi, kwa nusu saa ya kusoma gazeti hili. Basi mjadala ujao, mwenzetu akisimama na kusema imethibitishwa, makofi yangoje kidogo, na mmoja wetu ainue mkono aulize kiasi.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Isevya, Tabora.